Tarehe za Rangi ya Chungwa

Ukifungua albamu ya familia iliyokuwa na uwezo kidogo miaka ya 1990, iwe Dodoma mjini, Kondoa au Mpwapwa, utazikuta. Zimekaa kwenye kona ya chini ya picha, rangi ya chungwa iliyokolea: tarakimu chache zinazotaja mwaka, mwezi na siku. Bibi harusi amesimama na shela lake, mtoto wa kipaimara ameshika mshumaa, wazee wamekaa kwenye viti vya kukodi, na chini yao namba zinatuambia ilikuwa lini. Kwa mwanafunzi wa historia, picha yenye tarehe ni kama barua yenye muhuri. Huulizi tena.

Mimi napenda tuulize. Namba zile hazikuandikwa na mpiga picha, wala na studio iliyosafisha picha. Ziliandikwa na kamera yenyewe, na kamera ilijua tarehe kwa sababu mtu aliiambia, akibonyeza vitufe viwili vitatu huku akitazama kidirisha kidogo cha kioo mgongoni mwake. Kidirisha hicho kikifa, kamera haiachi kuandika. Inaendelea, ila sasa inafuata kalenda yake yenyewe. Nataka kueleza kwa nini mafundi wetu walishindwa kukitengeneza kidirisha kile, na jinsi kushindwa huko kulivyokuja kuingia katika ugomvi wa nyumba ninayopanga chumba.

Kamera walizotumia wapiga picha wa mjini kabla ya hapo nyingi zilikuwa za chuma na springi. Ndani mna gia, mna pazia la kufungua na kufunga mwanga, mna skrubu ndogo kama mbegu za ulezi. Aliyeweza kufungua saa ya mkono aliweza kufungua na kamera, akaona kwa macho yake kipi kimekwama. Tarehe iliandikwa kwa kalamu nyuma ya picha, au studio iligonga muhuri wa mpira. Hata kamera zilipoanza kuandika tarehe zenyewe, kazi ilikuwa ya kidole. Mgongo wa tarehe ambao Canon iliuuza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kamera zake za AE-1 na A-1 ulikuwa na magurudumu matatu madogo ya kuzungusha. Usipozungusha, kesho haifiki.

Kioo kilichokuja kuyaondoa magurudumu hayo kina historia ndefu. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague, aliona dutu fulani ikiyeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi joto 145 hivi iligeuka kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178 hivi ukungu ukatoka kikawa cheupe. Kati ya nyuzi hizo mbili palikuwa na kitu ambacho si kigumu na si maji kamili, na kwa miaka karibu 80 hakuna aliyepata kazi kubwa ya kukifanyisha. Mwaka 1968 George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA ya Marekani walionyesha kwamba umeme unaweza kukifanya kionyeshe namba. Mwishoni mwa 1970, huko Basel, Uswisi, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walibuni njia bora zaidi, ambayo ndiyo iliyoenea kwenye saa na kalkuleta tulizozijua sisi. Huu ndio ukoo wa LCD.

Ni kitu rahisi kukieleza na kigumu kukishika. Vioo viwili vimebandikwa kwa gundi kingoni, na kati yao pamebaki nafasi isiyofika hata sehemu moja ya mia ya milimita. Humo ndimo kinamokaa kimiminika cha Reinitzer, au ndugu yake wa kiwandani. Juu na chini kuna karatasi mbili za plastiki zinazochuja mwanga, kila moja ikiruhusu mwanga wa upande mmoja tu. Kimiminika kikiwa kimetulia, kinausokota mwanga robo mzunguko, unapita, kidirisha kinaonekana cheupe. Umeme ukigusa kipande kimoja, msokoto unafunguka, mwanga unazuiwa, na kipande kile kinakuwa cheusi. Vipande saba vikipangwa vizuri vinatoa tarakimu yoyote kuanzia 0 hadi 9. Umeme unaotumika ni kidogo mno, ndiyo maana betri moja bapa ya volti 3 iliweza kuiendesha kalenda ya kamera miaka kadhaa.

Mwaka 1974 kampuni ya Casio ilitoa Casiotron, saa iliyojua yenyewe mwezi upi una siku 30 na upi una siku 31. Mwaka huohuo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo ikapata kituo cha televisheni. Katikati hapo palipita vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni, foleni za sabuni na sukari. Halafu mwaka 1984 watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu, ndiye Mzee Ruksa. Kwa hiyo kwa familia nyingi za uwanda wa kati, kioo cha kwanza cha kielektroniki kuingia nyumbani hakikuwa cha kompyuta wala cha runinga. Kilikuwa cha saa ya mkono, cha kalkuleta, au cha kamera ndogo ya Kijapani iliyoletwa na ndugu aliyesafiri.

Kamera hizo zilikuja zikiwa kamili. Hazikuja na vipuri.

Fundi aliyenifundisha habari za vipuri ana meza yake maeneo ya Majengo, karibu na soko. Anatengeneza redio na saa, na siku hizi chaja za simu, na umri wake umeshapita ule wa kustaafu serikalini. Nilimpelekea kamera ambayo nitaieleza hapa chini. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu," bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichomea waya kwa risasi. Alipoipokea kamera hakuifungua kwanza. Aliigeuza, akakitazama kidirisha cha mgongoni, akakipeleka juani, akakinusa.

"Vioo hivi vina magonjwa matatu," akasema. "Mawili dawa ipo."

La kwanza ni mguso. Kioo hakikuunganishwa na saketi kwa waya. Katikati kuna kiraba chembamba chenye mistari mingi midogo, mmoja unapitisha umeme na unaofuata haupitishi, mfululizo kama mistari ya pundamilia. Kiraba hicho kimebanwa tu. Vumbi likiingia, au skrubu zikilegea, baadhi ya vipande vya tarakimu havipati umeme. Dodoma vumbi tunalo. Miezi ya kiangazi linaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Hapo 8 iliyokosa mstari wa katikati inasomeka 0, na iliyokosa mstari mmoja wa kushoto chini inasomeka 9. Mwenye kamera anarekebisha tarehe akidhani anaiweka sawa, kumbe ndiyo anaiharibu. Dawa yake ni spiriti, pamba, subira na kubana upya kwa usawa.

La pili ni karatasi za kuchuja mwanga. Zikizeeka kwenye joto zinatoa harufu kama ya siki, zinafanya mapovu, zinageuka njano, na kidirisha kinafifia. Kumbe ndiyo maana alinusa. Dawa yake ni kuibandua karatasi ya juu polepole, kufuta gundi iliyobaki, na kuweka kipande kilichokatwa kutoka kwenye kalkuleta mbovu. Sharti uilaze kwa pembe iliyo sahihi. Ukiikosea, namba zinatoka nyeupe kwenye giza badala ya nyeusi kwenye mwanga.

La tatu ni kuvuja. Gundi ya kingoni inachoka, hewa inaingia, kimiminika kinahama, na kwenye kioo panatokea doa jeusi linalotambaa mwezi hadi mwezi. Watu wa simu husema kioo kimevuja wino. Vitabu vya maelezo vya kamera za wakati ule vilikuwa na onyo: kwenye joto la nyuzi 60 hivi kidirisha kinaweza kuwa cheusi chote, na kikipoa kitarudi. Ni kweli hurudi. Ila gundi inayopashwa hivyo kila siku, juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa kwenye jua la Oktoba, haibaki ilivyokuwa.

"Hiki hakiumwi," fundi akasema kuhusu kidirisha cha kamera yangu, kilichokuwa na weusi nusu nzima. "Kimekufa. Kuumwa na kufa ni vitu viwili."

Nikamuuliza kwa nini kioo cha simu kinabadilishwa kwa nusu saa hapo jirani, na hiki hakibadilishwi. Akanieleza kama mtu aliyeulizwa jambo hilo mara nyingi. Kioo cha simu kinatengenezwa kwa mamilioni, na simu ikivunjika leo, kioo chake kiko sokoni leo. Kioo cha kamera kilikatwa kwa ajili ya kamera ya aina moja tu: idadi ya vipande vyake, mpangilio wa miguso yake, hata alama ndogo ya betri iliyochorwa pembeni. Kiwanda kilipoacha kuitengeneza kamera ile, kioo kilikwisha. Unaweza kununua kamera mbovu ya aina hiyohiyo ili ung'oe kioo chake, lakini nayo ina umri uleule na gundi ileile. Na huwezi kukifungua kioo ukatia kimiminika kipya kwa bomba la sindano, kwa sababu nafasi ile ya ndani ilijazwa kiwandani bila hewa, ikazibwa.

Nimesoma maandishi mengi yanayomweleza fundi wa Kiafrika kama mtu wa kubahatisha, anayeshindwa pale elimu yake inapoishia. Katika meza ile niliona kitu kingine. Mzee alijua kioo kinafanyaje kazi, alijua kimekufa kwa sababu gani, na alijua kwamba aliyekiziba hakukusudia kifunguliwe tena. Kamera ya springi ilimwachia fundi nafasi. Hii haikumwachia.

Sasa niieleze kamera. Mama mwenye nyumba yangu ni bi mdogo. Aliolewa mwaka 1992, na mumewe alifariki miaka michache iliyopita. Anasema nyumba hii waliijenga wote wawili baada ya ndoa, matofali wakiyafyatua na kuyachoma wenyewe. Watoto wa marehemu bi mkubwa wanasema la, nyumba ilikuwepo tangu enzi za mama yao, na ushahidi wanao: picha ya rangi, nyumba imesimama kamili, bati linang'aa, na kwenye kona tarehe ya rangi ya chungwa, '87 2 25. Kwenye kikao cha ukoo picha ile ilizunguka mkono kwa mkono, na bi mdogo akakosa la kusema. Baba mkubwa, ndiye msimamizi wa kikao, akaniita kwa kuwa nasoma historia pale chuo kikuu. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo ni msomi wa mama mdogo, analala kwake." Ilikuwa haki yake kusema. Chochote ambacho ningekigundua kilitakiwa kionekane kwa macho ya wote.

Niliitazama picha kwa kuikuza kwenye simu. Mlangoni palibandikwa bango lenye sura ya Augustino Mrema na jina la NCCR-Mageuzi. Chama hicho kisingeweza kuwa mlangoni Februari 1987, maana mfumo wa vyama vingi ulirudishwa mwaka 1992, na Mrema aligombea urais kwa tiketi yake katika uchaguzi wa Oktoba 1995. Kwa hiyo tarehe ilikuwa ya uongo. Lakini watu wa kikao walitaka kujua kamera inawezaje kusema uongo, na waliuliza vizuri.

Mwenye kamera alikuwa baba mdogo wa ukoo, dereva wa lori wa njia ya Singida enzi hizo. Kamera alikuwa nayo bado, kwenye sanduku la bati. Alisema kidirisha kilianza kuweka doa kabla ya uchaguzi ule, kwa kuwa aliizoea kuiacha juu ya dashibodi. Aliipeleka kwa fundi Kariakoo, akaambiwa kioo hakipatikani. Betri ya kalenda ilipokwisha aliweka nyingine, na kwa kuwa hakuona kitu kwenye kidirisha, hakurekebisha chochote. Picha zilitoka nzuri. Nani angejali namba?

Kalenda za kamera nyingi za namna ile zilianzia mwaka 1987 na kuishia 2019. Ukitoa betri na kuirudisha, zinaanza upya kuhesabu kutoka mwanzo. Ningeweza kukisema hivyo kwenye kikao na kumaliza, lakini maneno yangu yalikuwa na deni la chumba. Ilibidi kamera iseme yenyewe, na kidirisha chake kilikuwa kimekufa.

Fundi ndiye aliyeipata njia. Kwanza alimaliza umeme kwenye kapasita ya flashi, kwa sababu ile inaweza kuwa na volti 300 na imewarusha mafundi wengi. Kisha akaufungua mlango wa nyuma na kunionyesha kitundu kidogo upande wa ndani, pale mgongo unapogusa filamu. "Kile cha nje ni cha kumwonyesha mtu," akasema. "Hiki ni cha kuionyesha filamu. Aliyekufa ni wa nje." Aliweka betri mpya, akaniambia niwashe video ya simu niielekeze kitunduni, akabonyeza. Mwanga mwekundu ukamweka. Tulipoirudisha video polepole tuliziona namba, zimegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia: 87 1 1.

Kitu hicho kilirudiwa mbele ya kikao, betri ikitolewa na kuwekwa na yule kijana aliyeniita msomi wa mama mdogo. Alifanya hivyo mara tatu. Mara zote tatu kamera ilidai ni siku ya kwanza ya Januari 1987.

Baada ya hapo ilibaki hesabu. Ndani ya bahasha ya studio palikuwa na nega za mkanda uleule. Nyumba ilikuwa picha ya tisa. Mbele yake, kuanzia ya ishirini na mbili, palikuwa na harusi ya binamu, nayo imeandikwa '87 4 18. Cheti cha ndoa hiyo kipo: Jumamosi, tarehe 6 Januari 1996. Kati ya Februari 25 na Aprili 18 kuna siku 52. Rudisha siku 52 nyuma kutoka kwenye harusi, unafika tarehe 15 Novemba 1995, wiki mbili na ushee baada ya uchaguzi, wakati bango lilikuwa halijabanduliwa. Kamera ilikuwa inahesabu siku barabara. Ilikosea tu pa kuanzia, na aliyetakiwa kuirekebisha alinyimwa kioo cha kutazamia.

Bi mdogo alipiga kigelegele. Ilinibidi niseme na lililobaki, ingawa ndiye anayenipangisha: picha ile haiwezi tena kuthibitisha kwamba nyumba ilikuwepo mwaka 1987, lakini haithibitishi kwamba haikuwepo. Bati jipya linaweza kuezekwa juu ya nyumba kuukuu. Tunachokijua ni kwamba Novemba 1995 ilikuwa imesimama.

Mwaka 1961 Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji, alichapisha kitabu kilichotetea masimulizi ya mdomo kuwa ushahidi unaostahili kupimwa kama hati nyingine, na vyuo vyetu vilijifunza kuandika historia ya Afrika kwa njia hiyo. Hata hivyo, darasani bado naona tunavyopumua tukipata karatasi yenye tarehe. Katika kikao hiki mambo yalikwenda kinyume. Tarehe iliyochapwa na mashine ndiyo iliyohitaji shahidi, na shahidi wake alikuwa mzee wa lori anayekumbuka mahali alipokuwa akiweka kamera yake. Albamu za miaka ile zitakuja kusomwa na watu wengi, na wengi hawatakuwa na kamera wala dereva wa kumuuliza. Wakizikuta picha za mwaka 1987 zikiwa nyingi kupita kiasi, waangalie kwanza mabango, kanga na vimo vya watoto.

Baba mkubwa aliamua picha iondolewe kwenye madai ya pande zote mbili, na aitwe mwashi aliyeipiga nyumba lipu, ambaye yuko hai huko Bahi, pamoja na jirani aliyekuwa akiwachotea maji wafyatua matofali. Kikao hicho bado hakijafanyika, na kodi bado nailipa kwa bi mdogo. Fundi alikataa malipo ya kioo kwa kuwa, alisema, kioo hakukitengeneza; alichukua bei ya betri. Na baba mdogo, kabla hajairudisha picha kwenye albamu, aliigeuza akaandika nyuma yake kwa penseli, kama studio za zamani: 15/11/1995.